Betri Nayo Huzeeka: Tujiandae Mapema

Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za miradi za sharika na wafadhili



Tuanze kwa kukiri kosa letu. Tulipofunga umeme wa jua katika zahanati moja ya usharika, tulinunua betri za gari kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Mwaka haukuisha. Usiku mmoja taa zilizimika mama akiwa katika uchungu, na muuguzi akamzalisha kwa mwanga wa simu. Mama na mtoto walitoka salama, tunamshukuru Mungu, lakini somo tulilipata.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ichajiwe papo hapo. Ukiitumia usiku kucha hadi iishe, inakufa haraka. Zahanati inahitaji betri za sola, ambazo sahani zake za risasi ni nene na huvumilia kutumika polepole kwa saa nyingi.

Kabla ya kununua, tuhesabu mahitaji. Taa 4 za wati 10 kwa saa 5 ni wati-saa 200. Kompyuta ya wati 50 kwa saa 4 ni 200 nyingine. Jumla ni 400. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi tusiitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Inatosha, na inabaki akiba kwa umeme unaopotea kwenye inveta. Ila pasi ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa tu inakula 500, kuliko hesabu yetu yote ya usiku!

Joto nalo ni adui. Betri ya risasi ikikaa kwenye nyuzi 35 badala ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Iwekwe mahali penye kivuli na hewa, mbali na kandili, maana hutoa gesi inayowaka. Zenye vifuniko vya kufungua ziongezwe maji yaliyosafishwa ya betri, si ya kisima.

Betri za lithiamu ni ghali zaidi, lakini huvumilia kuchajiwa na kutumika mara nyingi zaidi, na huhitaji chaja inayolingana nazo. Kwa hiyo tusilinganishe bei tu. Tugawanye bei kwa miaka ya kutumika.

Ombi letu ni hili. Kila kamati ifungue mfuko wa betri siku ileile mtambo unapozinduliwa. Tuseme betri ni shilingi 480,000 na tunatarajia idumu miaka 4: hiyo ni shilingi 10,000 kila mwezi. Kiasi hicho usharika unakiweza. Nanyi wafadhili, mnapopokea maombi ya mtambo, tuulizeni kwanza: betri ya pili italipwa na nani? Tukikosa jibu, turudisheni tukajipange.

Mama anayejifungua saa nane za usiku hajui habari za bajeti. Anachohitaji ni taa iwake.