Kabureta Hulaumiwa Bure
Mazungumzo kwa wahudumu wa bodaboda, wavuvi na mafundi wa jua kali



Pikipiki inapoanza kukohoa kati ya Rongo na Homa Bay, hukumu hutolewa papo hapo kando ya barabara: kabureta imekufa. Mwendeshaji anaelekezwa dukani, ananunua nyingine, inafungwa, na baada ya siku mbili pikipiki inakohoa vilevile. Pesa zimekwenda, mkopo wa pikipiki bado unadai, na ile kabureta ya kwanza, ambayo pengine ilikuwa nzima, imeishia kwenye boksi la spea chakavu. Upande wa ziwa mambo ni mazito zaidi. Pikipiki ikizima, mwenyewe anaisukuma. Mashine ya boti ikizima kwenye maji mengi kati ya Mbita na Remba, upepo umeshaamka, hakuna kando ya barabara ya kusimama.

Kabureta ni kifaa cha kawaida. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba, na inapopita hapo kwa kasi msukumo wake hupungua. Mwanasayansi wa Italia aliyeitwa Venturi aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1797. Upungufu huo ndio unaonyonya petroli kutoka bakuli la chini kupitia jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu dogo. Kipimo kinachotafutwa ni karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kwa hiyo kabureta haifanyi kazi peke yake. Hutegemea petroli safi inayofika bila kukatika, hewa inayopita njia yake tu, na cheche ya plagi. Kimoja kikikosekana, dalili hujitokeza kama ugonjwa wa kabureta.

Ndiyo maana fundi mzuri huifungua mwisho. Huanza na petroli.

Achomoe mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, aelekeze kwenye chupa inayoona ndani, afungue koki. Mafuta yakitoka kwa nguvu kisha yakalegea, afungue kifuniko cha tangi. Yakirudi kwa nguvu, ugonjwa umepatikana: tundu dogo la kupumua kwenye kifuniko limezibwa na vumbi. Pikipiki yenye ugonjwa huu huenda kilomita chache, huzima, hupumzika, kisha huwaka kana kwamba haikuwa na neno. Dawa yake ni kusafisha kifuniko. Haigharimu hata shilingi.

Chupa ile iachwe itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwemo yatajitenga chini na mpaka wake utaonekana. Mafuta ya taa ni adui mwingine, tena mjanja zaidi, kwa sababu hayajitengi. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka bila kuacha doa. Lililochanganywa na mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Uchakachuaji huu si uvumi wa vijiweni. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Anayenunua petroli ya chupa kando ya njia ana kila sababu ya kufanya jaribio la karatasi kabla ya kumlaumu fundi.

Baada ya petroli, hewa. Vumbi la barabara za Nyatike hujaza kichungi mpaka injini inanyimwa pumzi, moshi unakuwa mweusi na mafuta yanaliwa ovyo. Kinyume chake ni hewa ya wizi, inayoingia kupitia mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini. Injini ikiwa inanguruma, fundi anyunyize maji kidogo kuzunguka mpira huo. Sauti ikibadilika, ufa uko hapo. Wapo wanaonyunyizia petroli badala ya maji, juu ya injini yenye moto. Hilo liachwe kabisa.

Halafu plagi, ambayo ni shahidi asiyepokea hongo. Rangi ya kahawia kama njugu zilizokaangwa ni afya. Nyeusi yenye masizi inamaanisha petroli imezidi. Nyeupe iliyokauka ni petroli kidogo na joto kali. Hapa kuna la kujifunza kutoka Marekani, kwenye mashindano ya magari yanayokimbia mstari ulionyooka wa mita 402. Fundi wa huko akitaka kusoma plagi, dereva huzima injini ikiwa bado kwenye resi ya mwisho na kuliacha gari liteleze hadi lisimame. Sababu ni kwamba plagi huonyesha hali ya mwisho iliyopitia. Pikipiki iliyoachwa ingurume taratibu dakika tano mbele ya kibanda cha fundi huonyesha habari za mngurumo huo tu, wala si habari za kupanda mlima na abiria wawili. Daraja moja kubwa la mashindano hayo, Pro Stock, liliacha kabureta mwaka 2016. Pikipiki nyingi za kwetu bado zinaitegemea, kwa hiyo ujuzi huu ni wa leo.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa kabureta ihojiwe. Swali la kwanza ni kosa linatokea resi ikiwa wapi. Injini inayozima ikiachwa lakini inakimbia vizuri ina jeti ndogo iliyoziba. Inayokwenda vizuri mwanzoni kisha inamisi resi ikifunguliwa yote ina shida kwenye jeti kubwa, au bakuli halijazwi haraka ya kutosha. Petroli ikidondoka kwenye mpira wa chini, kuna uchafu kwenye sindano inayofungwa na boya, na bakuli linafurika.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji spana wala fedha. Injini ikiwa imepata moto na inamisi, choki ivutwe kidogo. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuzubaa, ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Jibu hilo moja hukata nusu ya ubishi.

Wakati wa kusafisha, waya wa breki usikaribie jeti. Shaba ni laini. Tundu la milimita 1 likipanuliwa hadi milimita 1.1, eneo lake limeongezeka kwa asilimia 21, na petroli inayopita inaongezeka pia, na jicho la fundi halitaona tofauti yoyote. Jeti ioshwe kwa petroli na kupulizwa kwa upepo wa pampu. Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko ifungwe kwanza taratibu huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, ili irudishwe pale pale.

Kimo nacho kina sauti. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina msukumo mdogo kuliko wa Mombasa kwa karibu sehemu moja ya nane. Kabureta iliyorekebishwa vizuri ufuoni Homa Bay itakuwa na petroli nyingi kidogo ikipandishwa Kisii. Hiyo ni tabia ya hewa, na skrubu haihitaji kuguswa kila safari.

Tukirudi ziwani, mashine nyingi za boti zetu ni za mipigo miwili, ambazo oili yake huja ndani ya petroli. Jeti ikiziba nusu, injini inakosa mafuta na ulainisho kwa pamoja. Itapiga kelele kali, itakuwa na kasi ya ajabu kwa muda mfupi, kisha pistoni itakwama. Nahodha anayesikia kasi hiyo na kufurahi amekosea. Apunguze resi mara moja. Kipimo cha oili kifuate kitabu cha mashine hiyo, si mazoea ya ufuo.

Mashine ikianza kulegea, mtu mmoja abonyeze ile pampu ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta. Ikiwa imenyonywa na kuwa bapa, kizuizi kiko upande wa tangi, na mara nyingi ni skrubu ya kupumua kwenye kifuniko ambayo haikufunguliwa wakati wa kuondoka Muhuru Bay au Sori. Ikiwa ni laini lakini mashine inapata nguvu kila inapobonyezwa, pampu ya mafuta ya mashine ndiyo mgonjwa, na kubonyeza huko kunaweza kuifikisha boti ufuoni. Kwa wavuvi wa omena wanaofanya kazi usiku, skrubu hiyo iguswe kwa mkono kabla ya kamba kufunguliwa, maana gizani haionekani. Plagi ya akiba na spana yake zikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na tochi, mahali ambapo kila mmoja botini anapajua.