Homoni ya Ukuaji na Ng'ombe wa Maziwa

Homoni ya ukuaji hutolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa ndama, hurefusha mifupa na kujenga misuli. Kwa ng'ombe aliyekwisha kukua kazi yake kubwa ni nyingine: huamua lishe iende wapi. Huyeyusha mafuta ya mwili, huelekeza sukari ya damu kwenye kiwele, na huamsha ini litoe kichocheo kingine kinachofanya seli za maziwa zidumu kazini.

Mwaka 1937 watafiti wa Umoja wa Kisovieti waliwadunga ng'ombe dondoo la tezi hiyo, maziwa yakaongezeka. Mwaka 1993 Marekani iliidhinisha homoni iliyotengenezwa kwa kutumia bakteria. Ng'ombe hudungwa kila baada ya wiki mbili, na maziwa huongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Lakini maziwa hayo hayatoki hewani! Ng'ombe hula zaidi, lishe ikipungua hukonda, kushika mimba huwa shida, na hatari ya kuvimba kiwele na kuchechemea hupanda. Ndiyo maana Kanada iliikataa mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya nao ukaipiga marufuku.

Na mnywaji je? Homoni hii ni protini, humeng'enywa tumboni kama nyingine. Tena ile ya ng'ombe haifanyi kazi mwilini mwa binadamu. Watu hubishana sana juu ya glasi ya maziwa. Mimi ningeanza na kiwele.