Chombo Kitajacho Maradhi Yake

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za vyombo vya jeshi, na jinsi vinavyoundwa vipate kutaja maradhi yao.

Mwaka 1940, wakati wa vita na Waitalia, jeshi la Afrika Kusini lilipeleka magari yake kwa nchi kavu. Yalitoka Broken Hill, mji uitwao sasa Kabwe, yakapita Tunduma na Mbeya hata Nairobi, mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Njia ilikuwa ya vumbi, na mafundi walikuwa mbali. Gari moja likifa njiani, wenzake nyuma huzuiwa, na askari walio mbele hukosa risasi na chakula.

Kwa hiyo dereva huwekewa vipimo mbele ya macho yake: cha oili, cha umeme, na cha joto la maji. Lakini kipimo chataka akili. Tunduma ni juu ya bahari zaidi ya meta 1,500, na huko maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 95, wala si 100 kama pwani. Dereva angojaye mshale ufike 100 atakuta maji yamekwisha chemka zamani. Hapo kipimo hakikukosa, amekosa asiyekifahamu.

Tena kipimo chenyewe huugua. Waya ukikatika, taa ya hatari hunyamaza, na dereva hudhani yu salama. Ndiyo sababu mafundi waundao vyombo huvifanya vijipime vyenyewe kwanza. Ufunguo ukizungushwa, taa za hatari huwaka kitambo, kisha huzimika; ile isiyowaka ndiyo ya kutiliwa shaka. Katika ndege na vifaru vya siku hizi, kompyuta huweza kutaja hata kipande kilichoharibika, fundi akabadili hicho tu.

Walakini taa ipigayo kelele bure kila siku huzoelewa, na siku ya hatari ya kweli hakuna aitazamaye. Basi muundaji ana adui wawili: kimya na uongo.

Malori mengi yangojayo kuvuka mpaka Tunduma leo yana taa za namna hiyo. Enyi vijana mtakao udereva, zitazameni kabla ya kuondoka, nanyi msizizibe kwa kitambaa. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.