Maiti Bondeni: Usiguse

Msikilizaji wa Lushoto, mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, kwa kosa la mauaji. Kosa lile lilipata hukumu, lakini leo kuna mauaji ya vijijini yasiyopata jibu, na wakati mwingine ushahidi tunauvuruga wenyewe. Maiti ikionekana bondeni, kijiji kizima kinateremka, nyayo juu ya nyayo. Mwenye huruma anaokota panga “lisipotee”. Panga lile huenda lina alama za vidole, jamani!

Zuieni njia. Mwiteni mtendaji wa kijiji, pigeni 112. Mvua ikinyemelea, na huku milimani hainaga hodi, funikeni nyayo kwa beseni. Na kwa mauaji ya zamani, jinai haifi: uliona kitu miaka kumi iliyopita? Polisi bado wanakihitaji, nenda kaandikishe maelezo.