Neno lililozaliwa kwenye ubatizo



Vijana wetu wanaojifunza Kiingereza wanalijua neno gossip. Maana yake ni masengenyo, na pia mtu mwenye kusengenya. Lakini lilizaliwa mahali pengine kabisa. Miaka elfu moja hivi iliyopita Waingereza walisema godsibb: god ni Mungu, sibb ni undugu. Ndivyo walivyomwita aliyemsimamia mtoto siku ya ubatizo, ndugu kwa ajili ya Mungu. Sisi tunabatiza walioamini wenyewe, katika maji mengi, kwa hiyo hatuna baba wala mama wa ubatizo. Jirani zetu Wakatoliki wanao, wataelewa upesi.

Baadaye likawa neno la rafiki yeyote wa karibu. Wanawake waliokuja kukaa na mwenzao akijifungua waliitwa hivyo. Kufika karne ya 16 lilikuwa limekwisha kumshika mtu wa maneno ya bure, na katika karne ya 19 likashika maneno yenyewe. Wanaume wasicheke hapa. Tunawasikia pale nje baada ya ibada.

Tuangalie njia lililopita. Halikuanza kwa adui. Lilianza kwa ndugu aliyekaribishwa ndani, aliyemsikia mama akilia kwa uchungu. Adui hana siri zetu, wapendwa. Mwenye nazo ni yule tunayepiga naye magoti.

Dada mmoja, si wa kanisa hili, ameturuhusu kusema bila jina. Alipeleka haja yake kwenye kikundi cha maombezi cha kwao: mume amehama nyumba. Siku ya tatu habari ilikuwa sokoni, na kila aliyeibeba alianza na "tumwombee dada yetu." Sasa hakanyagi ibadani. Hakuna aliyesema uongo hata neno moja, na ndipo wengi tunapojidanganya, tukidhani jambo likiwa kweli si masengenyo. Tusome Mithali 11:13. Andiko hilo haliulizi kama siri ni ya kweli. Linauliza nani ameificha.

Tulimwuliza dada huyo tumfanyie nini. Akajibu kwamba angependa kuombewa tena, lakini hawezi tena kueleza.

Basi kuanzia Ijumaa hii, katika maombezi yetu, mtu hatalazimishwa kutaja haja yake mbele ya watu. Atainua mkono tu, nasi tutaomba.