Adabu ya Salamu kwa Wageni na Wenyeji wa Kilwa Kisiwani



Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Miongoni mwa wageni wanaoyazuru wamo wasemao Kifaransa na Kireno, nasi yatupasa kuitambua adabu ya lugha zao.

Mfaransa hutanguliza "bonjour" kabla ya kutaja haja yake, kama sisi tunavyotanguliza hodi. Mtu asiyemzoea humwita "vous", neno la wengi, wala hamwiti "tu". Hiyo ndiyo heshima. Aombapo husema "s'il vous plaît", yaani ikikupendeza. Mreno mwanamume hushukuru kwa "obrigado", mwanamke kwa "obrigada". Maana yake ni kukiri deni la wema aliotendewa.

Hata hivyo, ulimi mtamu peke yake hautoshi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Lugha hiyo yenye "s'il vous plaît" ilitumika kuandika bei ya binadamu, na Sultani wetu akaridhia. Heshima ya wakubwa wale haikumfikia aliyeuzwa.

Kwa hiyo, adabu ipimwe kwa mnyonge. Mkazi anayengoja mlangoni mwa ofisi astahili "karibu" ileile apewayo mgeni wa mbali, kisha apate haki yake.