Elimu ya Kuhifadhi Viumbe Ikiwa Somo la Pili katika Chuo Kikuu
Hotuba kwa wazazi na vijana Waislamu wa Gisenyi



Mzazi wa Kiislamu wa Gisenyi apatapo habari ya kuwa mwanawe amekubaliwa kuingia chuo kikuu, kwanza humshukuru Mwenyezi Mungu, kisha huuliza atasoma nini. Kijana akijibu biashara, au sheria, au uganga, nyumba nzima hufurahi. Lakini akiongeza ya kuwa pamoja na biashara ataka kusoma elimu ya kuhifadhi viumbe, yaani wanyama, miti, maji na ardhi, furaha hupungua. "Nimpeleke mwanangu chuo kikuu akahesabu nyani?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mzazi huyo akumbuka, au alisimuliwa na babaye, jinsi katika zama za ukoloni shule nyingi za Rwanda zilivyokuwa mikononi mwa misheni, na watoto wa Waswahili wengi, kwa kutaka kubaki katika dini yao, wakabaki nje ya mlango, wakaishia dukani, au katika udereva na ushonaji. Mlango uliofunguka kwa taabu kama hiyo hauchezewi.

Basi kwanza yafaa lifahamike jambo lenyewe. Katika vyuo vikuu vifuatavyo mpango wa Marekani mwanafunzi huchagua somo kuu, ambalo ndilo la shahada yake, na akipenda huchagua na somo la pili. Hili la pili halichukui mahali pa lile la kwanza. Ni mafunzo machache tu, ambayo husomwa kidogo kidogo katika miaka ile ile. Na pale pasipo mpango huo, kijana aweza kuchagua baadhi ya masomo ya hiari, au akaielekeza insha yake ya mwisho upande huo. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha elimu hii huko Huye; na Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, kipo chuo cha Mweka kilichoanzishwa katika mwaka wa 1963 kwa ajili ya kazi hii.

Je, hufundishwa nini? Mfano ulio karibu kuliko yote ni mto Sebeya. Hapana mtu wa Gisenyi aliyesahau usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mto huo ulipofurika ukaingia majumbani. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Mvua ilikuwa kubwa mno, hilo ni kweli. Lakini maji ya Sebeya hutoka katika vilima vya Gishwati, na msitu wa Gishwati, ambao katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta 28,000 hivi, ulikuwa umebaki na hekta 600 hivi tu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu ilikatwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, sehemu ikapandwa misindano, na baada ya 1994 watu waliorudi kutoka uhamishoni wakapewa makao humo, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Hapana mtu mwovu wa kunyoshewa kidole katika habari hiyo. Ila mteremko ulio mtupu haushiki maji wala udongo, na tope lake huteremka mpaka kwenye mitambo ya maji na ya umeme ya Gihira. Mwenye elimu hii hufundishwa kupima mteremko, kujua ni mti gani ufaao kupandwa wapi, na kusoma ramani kabla ya kiwanja kununuliwa. Mfanyabiashara gani wa Gisenyi asiyehitaji elimu ya namna hiyo?

Na hao nyani wenyewe, ambao kwa kweli si nyani bali ni gorila, wana hesabu yao. Katika mwaka wa 1981 waliosalia katika milima ya Virunga walihesabiwa 254. Hesabu iliyofanywa katika 2015 na 2016 ilipata 604. Mgeni atakaye kuwaona upande wa Rwanda hulipa dola 1,500 tangu 2017, na sehemu kumi katika mia ya mapato ya hifadhi hupelekwa kwa wenyeji wa kando yake. Kijana aliyesoma biashara peke yake huijua ile dola. Aliyeongeza somo la pili hujua pia kwa nini sokwe wachache wa Gishwati, waliozungukwa na mashamba pande zote, wamo hatarini hata kama hapana awindaye: wachache wakizaana wao kwa wao kizazi hadi kizazi, damu hudhoofika.

Sambaza wa ziwa Kivu nao wamo katika elimu hii. Samaki hao si wenyeji. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo jikoni mwa Gisenyi hapakosi sambaza. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili wazae, na wachuuzi hunung'unika.

Wako wasemao ya kuwa mambo haya ni ya Wazungu. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, aliifanya Madina kuwa mahali patakatifu pasipokatwa miti wala kuwindwa, na Khalifa Umar alitenga malisho ya hima huko Rabadha. Karibu zaidi ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wenyeji husimulia ya kuwa Nabii Khidri alikifanya msala wake. Kilipotengwa kuwa hifadhi katika 1998, wavuvi hawakutii sana amri za serikali. Baadaye yakatumiwa mafundisho ya Qurani kuwaeleza ubaya wa kuvua kwa baruti, na wengi wakayaelewa vizuri zaidi kuliko karatasi za ofisini.

Limebaki jambo moja, ambalo akina mama huliuliza kwa haki. Elimu hii haisomwi darasani tu. Mwanafunzi hulala porini siku kadhaa. Kabla ya kijana kujiandikisha, na hasa akiwa msichana, mzazi na akiandikie chuo kuuliza nani hulipa safari, wasichana hulala wapi na nani huwa pamoja nao, na kama chakula cha kambini ni halali. Barua hiyo ipelekwe mapema, maana majibu huchelewa.